Nimeambiwa mbele ya vibarua wangu kwamba tela si kanga! Huyu bwana wa matela ya bluu ataendelea hivi mpaka lini?

Mama Trekta

Mwangaluka, wana Tabora. Ninaandika nikiwa nimesimama, kwa sababu nikikaa nitalia. Bwana huyu mnamjua nyote. Kuanzia Usoke hadi Kaliua hakuna mwenye trekta asiyewahi kupiga hodi kwenye ua wake wa matela ya bluu ya kukodisha, kwa hiyo sina haja ya kumtaja.

Asubuhi hii nimerudisha tela lake likiwa na beringi iliyosagika, nikamkumbusha kwamba siku ya kulichukua nilimwomba anipe nafasi ya kulikagua, naye akakataa. Akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akasema kwa sauti ya kusikika hadi stesheni: "Mama, tela si kanga, kwamba utaligeuzageuza mpaka usome jina lake." Vibarua sita wakacheka. Vibarua ninaowalipa mimi!

Wala sikuomba makubwa. Nilitaka kuinua gurudumu kwa jeki, nilishike juu na chini nilitikise, kwa kuwa gurudumu linalocheza ni dalili ya beringi iliyolegea au iliyochakaa, kisha nilizungushe kwa mkono nisikilize kama linakwaruza. Ni kazi ya dakika tano. Akasema jeki imeazimwa. Mtu mwenye matela tisa, jeki yake imeazimwa! Na pini ya kuungia ilikuwa na kutu ambayo ningeapa ilishuka hapa na treni ya kwanza ya mwaka 1912.

Nilikuwa na mpunga wa mteja mbugani na mawingu yalikuwa yamekusanyika, nikalichukua hivyo hivyo. Tukiwa kilomita chache kabla ya kufika barabara kuu, gurudumu la kushoto likaanza kutoa moshi. Tulilala pale pale na magunia ya watu. Leo amenitoza shilingi 50,000 za siku hiyo tuliyolala porini, akaongeza na bei ya beringi, halafu ndipo akaniambia tela si kanga. Kanga ikichanika haimuui mtu. Gurudumu likichomoka barabarani wakati watoto wanatoka shule, je?

Tela si kanga! Mbele ya vibarua!

Mkulima wa Mbugani

Pole sana, mama. Huyo huyo aliniapia kwamba matairi ya tela lake ni mapya kwa sababu yalikuwa yanang'aa. Nilipoinama kusoma ubavuni, tarakimu nne za mwisho za namba ya kiwandani zilikuwa 2309, maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2009. Alikuwa amelipaka rangi nyeusi.

Fundi wa Isevya

Mama Trekta, nakuheshimu, lakini nimecheka pamoja na hao vibarua wako. Umekodi tela kwa mdomo, bila karatasi inayoonyesha hali yake siku ya kuondoka, na hata jeki ya kwako hukubeba. Mwenye trekta asiye na jeki ni sawa na mvuvi aliyesahau nyavu. Kilichokusimamisha porini ni grisi iliyokauka. Hilo neno la kanga ungelisamehe.

Mwenye Tela Moja

Sisi wenye matela nasi tusikilizwe. Ulipakia magunia mangapi, mama?

Mama Trekta

Magunia 36 ya kilo 80, yaani kilo 2,880, kwenye tela ambalo yeye mwenyewe alisema ni la tani 3. Na wewe Fundi, siwezi kusamehe neno nililoambiwa na mtu aliyeificha jeki yake.

Mwenye Tela Moja

Uliyapima kwenye mizani, au uliyahesabu kwa macho? Kama yalikuwa lumbesa, yale magunia yaliyojazwa kupita kipimo, ya kilo 110, hizo ni kilo 3,960, karibu tani 4. Tena wateja wengi hawaulizi kama tani 3 ni uzito wa mzigo peke yake au ni pamoja na tela lenyewe. Mwezi uliopita nilirudishiwa tela langu springi ikiwa imekatika na nati mbili za gurudumu hazipo, na aliyelirudisha akanidai chenji.

Kaliua Kwetu

Mimi naona kosa lilianzia kwenye kuchagua. Kwenye matope ya mbuga, tela la magurudumu mawili linakufaa zaidi, kwa kuwa sehemu ya mzigo inalalia nyuma ya trekta na kuyapa matairi yake nguvu ya kushika ardhi, mradi mzigo uelemee kidogo mbele ya ekseli. Ukiuelemeza nyuma, ulimi wa tela, pale linapoungwa na trekta, unainuka na kulinyanyua trekta. Tela la magurudumu manne hubeba mzigo wake lenyewe, linafaa barabara ngumu, ila kulirudisha kinyumenyume ni mateso. Mama alichukua lipi?

Mama Trekta

La magurudumu mawili, na mzigo niliupanga vizuri. Ninaomba turudi kwenye lile neno.

Mkulima wa Mbugani

Mwenye Tela Moja, usitusingizie lumbesa sisi wakulima. Wanaoshona kilemba juu ya gunia ni wanunuzi, ili walipe bei ya gunia moja kwa mzigo wa gunia na nusu. Sisi tunaibiwa, halafu mnasema tunawavunjia springi!

Mwenye Tela Moja

Mnunuzi huleta gunia tupu. Anayelijaza mpaka linaota kichwa ni nani, kama si mkulima mwenyewe?

Mkulima wa Mbugani

Tunajaza kwa sababu tukikataa anaondoka, na mpunga unabaki unanyeshewa.

Kaliua Kwetu

Ndugu zangu, nina mizani ya kilo 150 nyumbani. Leteni gunia moja Jumamosi tulipime mbele ya watu.

Mwenye Tela Moja

Nitakuja. Usafiri wa hilo gunia analipa nani?