Nataka kugawa nusu ekari Kiamunyi, majirani niwaambie vipi?

mwenye_ploti
Habari wadau. Niko na nusu ekari Kiamunyi hapa Nakuru, nataka kuikata ploti nne za futi 50 kwa 100, moja yangu, moja ya dadangu, mbili niuze. Juzi sevea amekuja kupima tu, jioni mzee wa nyuma akanisimamisha kwa geti, ati "kijana, nasikia unatuletea maflati?" na mimi flati sijaiwazia hata siku moja. Sasa niwaite kikao ama nipitie mlango kwa mlango? Na kwani lazima wakubali?

bikoni_ya_zamani
Kukata shamba lako si lazima jirani akubali. Unatafuta plana mwenye leseni, kaunti ipitishe, kama taito ni ya shamba unapita pia bodi ya ardhi, ndio sevea achore mutesheni (ramani ya mgawanyo) na kuweka bikoni (alama za mpaka). Ukiwa na bibi naye lazima akubali. Kubadilisha matumizi ya ardhi ndio hubandikwa notisi na majirani wanaweza kupinga, labda hiyo ndio mzee anaogopa. Lakini barabara inagusa upande gani? Kama ni ule mwembamba wa futi 100, hizo nne haziingii, ukitoa njia ya mita 6 katikati unabaki na 40 kwa 100. Usiende kuambia watu 50 kwa 100 halafu waone ingine.

mama_wa_lanet
Kikao achana nacho kabisa, kwa kikao anayepiga kelele ndio anaongoza. Sisi tulienda nyumba kwa nyumba na karatasi ya ramani mkononi, tukaanza na yule mkali, tukanywa chai yake. Alikuwa anataka kujua vitu viwili tu, choo zitaenda wapi kwa sababu hakuna sua (bomba la majitaka), na malori ya mawe yatapita wapi mvua ikinyesha. Tulimwonyesha septiki, shimo la majitaka, iko mbali na kisima chake akanyamaza. Na siku ya bikoni mwite asimame hapo aone mwenyewe, ya mpaka ndio huleta vita baadaye.

mwenye_ploti
Aki asanteni. Barabara iko upande mwembamba kweli, kumbe hesabu yangu ilikuwa ya bure, naona tatu zinatosha na dadangu achukue ya nyuma. Jumamosi naanza na mzee, na ntabeba mkate.

bikoni_ya_zamani
Na sukari.