Ushuru wa vyungu mnachukua, gati hamjengi: mwalo wa Lyulilo, Matema, umetelekezwa

Wakuu, salamu kwenu. Nimekaa na jambo hili kifuani muda mrefu, leo nalimwaga hapa.

Mimi ni mfanyabiashara wa vyungu. Nanunua Lyulilo, pale jirani na Matema, wilayani Kyela kando ya Ziwa Nyasa, nauza soko la Mwanjelwa, Mbeya mjini. Kwa msioijua biashara hii: vyungu vinafinyangwa na mama zetu wa Kikisi huko Ikombe na vijiji vya jirani, chini ya Milima ya Livingstone. Mlima unaingia ziwani moja kwa moja, barabara ya gari haipo, kilichopo ni njia ya miguu ya kupanda na kushuka. Nani atapita huko na tenga la vyungu kichwani? Kwa hiyo soko la Jumamosi linaletwa na maji, kwa mitumbwi na maboti ya mbao.

Sasa njooni muone wanavyoshuka. Hakuna gati, hata ya mbao. Boti linasimama mbali kidogo na ufukwe, mawimbi yanalisukuma huku na kule, vijana wanaingia maji ya kiunoni kupokea matenga. Mama mjamzito anabebwa mgongoni. Bibi mwenye umri wa kukaa nyumbani anaruka na kanga imelowa mpaka kifuani. Majuzi mama mmoja tenga lilimponyoka mkononi mwa mbebaji, likagonga ubavu wa boti. Alichutama mchangani anachambua kipi kimepona, anakigonga kwa kidole asikie mlio, kilichopasuka anakiweka kando. Hajamaliza kuchambua, mkusanya ushuru kashafika na mashine yake ya risiti, anahesabu vyote, na vilivyopasuka vimo. Nikamwambia kaka, huyu mama kapata hasara mbele ya macho yako. Akanijibu yeye anahesabu kilichoshuka. Kilichoshuka! Kimeshukia wapi, wakati hamjamjengea pa kushukia?

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Ushuru hatukatai. Tunalipa, risiti tunazo. Ila pesa inayotolewa kwenye mwalo haionekani kwenye mwalo. Kibanda cha kujikinga mvua hakuna, na wote tunajua mvua ya Kyela ilivyo. Taa hakuna, boti likichelewa abiria wanamulikiwa kwa tochi za simu. Choo ndiyo msiniulize.

Lami ya Kikusya, Ipinda mpaka Matema, kilomita kama 39, imejengwa na tunashukuru sana. Lami imefika ufukweni ikakuta mchanga. Meli ya MV Mbeya II nayo ilizinduliwa 2021, abiria 200 na tani 200 za mizigo, hongereni. Lakini biashara ya Jumamosi inabebwa na boti la mbao, na huyo mwenye boti la mbao ndiye anayelipa kila wiki.

Kuna mkubwa mmoja aliwahi kutuambia kwamba gati haiwezekani kwa sababu maji ya ziwa hupanda masika na kushuka mwisho wa mwaka. Mzee wangu, kule Pangani mjini maji ya mto yanajaa na kupwa kila siku kwa kufuata bahari, na bado kivuko cha kwenda Bweni kinapakia watu na magari. Nimepita pale, nimeona kwa macho. Ziwa letu halina kupwa wala kujaa kwa namna hiyo, linabadilika taratibu kwa miezi. Msitufanye watoto.

Cha kututisha sisi ni upepo wa kusini, ule ambao wenzetu wa Malawi wanauita Mwera. Kuanzia Mei mpaka Agosti ukivuma, ziwa linachafuka ghafla, na kina chake kinafika kama mita 700. Katika hali hiyo boti linapakiwa watu, matenga, mbuzi na magunia mpaka maji yanakaribia ukingo, majaketi okozi hayapo au yamefungwa kamba chini ya mizigo, na hakuna mtu wa kusimama ufukweni aseme basi, limejaa. Mtu wa kukusanya hela yupo kila Jumamosi. MV Nyerere, kile kivuko cha Ziwa Victoria, ilipinduka Septemba 20, 2018 ikiwa imekaribia kabisa kufika Ukara, imepakia kupita uwezo wake, tukazika watu zaidi ya 200. Mnasubiri na sisi tuanze kuhesabu maiti ndipo mje na kamera?

Tunataka gati fupi, ya mbao ngumu au zege. Tunataka banda, taa na choo. Mkaguzi awepo siku ya soko, mwenye mamlaka ya kuzuia boti lisiondoke. Na kilichopasuka kisitozwe ushuru, hili halihitaji bajeti, linaweza kuanza Jumamosi hii.

Wadau wa Kyela, Ludewa na Nyasa, wekeni hapa hali ya mialo yenu, na picha kama mnazo. Na kama kuna diwani au mtendaji anasoma, ajibu kwa jina lake: makusanyo ya Lyulilo yanaingia mfuko gani, na mwaka huu yamejenga nini?