Rangi za ndege ya rais huamuliwa na nani?

Mkaazi wa Changamwe:
Ndugu zangu, tangu utotoni nimezitazama ndege zikitua uwanja wa Moi. Je, ni nani huamua sura ya ndege ya rais, na rangi ina kazi gani zaidi ya pambo?

Fundi rangi, Kisauni:
Ndugu yangu, mfano maarufu zaidi ni wa Marekani. Mwaka 1962 Rais Kennedy alimshirikisha msanifu Raymond Loewy, ambaye aliyaondoa maandishi ya jeshi la anga, akachagua buluu za aina mbili pamoja na nyeupe, kisha akaliandika jina la nchi ubavuni kwa herufi kubwa zilizoachana, zinazokumbusha zile za Tangazo la Uhuru la 1776. Kwangu mimi, herufi hizo ndizo zinazoipa ndege haiba yake kuliko hata rangi.

Mstaafu, Mji wa Kale:
Rangi ina kazi, mwanangu. Trump alipopendekeza buluu iliyokoza kwa ndege mpya, ilibainika mwaka 2022 kwamba ingeongeza joto kwenye baadhi ya vifaa, na mwaka 2023 ukachaguliwa mchoro wenye buluu nyepesi. Sisi wa Pwani twalijua hilo: bati jeusi mchana wa Januari haligusiki.

Mkaazi wa Changamwe:
Shukrani, mzee wangu. Na gharama?

Fundi rangi, Kisauni:
Mwaka 2020 Uingereza ilitumia takriban pauni 900,000 kuibadilisha ndege moja kutoka kijivu hadi nyeupe yenye bendera mkiani.