Wageni wanachoka kabla ya Makumbusho ya Azimio: matembezi ya mjini Arusha yapangweje?

Ngarenaro_A
Habari wakuu. Naongoza wageni matembezi ya mguu, watu 8 hadi 12, kwa muda wa saa tatu. Tunaanzia Mnara wa Saa, Barabara ya Boma, Boma la Mjerumani, AICC (kituo cha mikutano ya kimataifa), kisha Barabara ya Makongoro hadi Makumbusho ya Azimio la Arusha na Mnara wa Mwenge, tunamalizia Soko Kuu. Historia ipo kichwani na Kiingereza kinatosha, lakini tukifika AICC nusu ya kundi wako kwenye simu. Kosa ni maneno mengi au mpangilio?

Mama Njia
Vyote, ila anza na mahali unaposimama. Pale Mnara wa Saa bodaboda zinameza sauti. Vusha kundi, ingia hatua kadhaa Barabara ya Boma, ndipo uzungumze. Wewe tazama jua, wao walipe mgongo. Subiri wa mwisho afike. Akikosa sentensi ya kwanza, umempoteza. Usieleze huku unatembea, maana wawili wa mbele tu ndio wanaosikia. Kila kituo dakika nne, makumbusho yaongezewe.

Anza saa mbili asubuhi. Meru mara nyingi huwa wazi mapema na baadaye hujifunika. Mlima ukionekana, mgeni anajua kaskazini ni wapi na anafuata maelezo bila taabu.

Ile hadithi kwamba Arusha iko "katikati ya Cairo na Cape Town" iseme kwa tahadhari. Kwa mstari ulionyooka Arusha inakaribia katikati. Kwa barabara inategemea unapita wapi. Waambie wapime wenyewe, hizo simu nazo zifanye kazi.

Levolosi77
Mkuu, Azimio, lile tamko la ujamaa na kujitegemea, ndilo lingekuwa kilele chako, na ndipo wengi wanapomimina tarehe. Moja inatosha: 5 Februari 1967. Kisha taja miiko ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asipokee mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba ya kupangisha. Uliza, "Nani hapa angekubali kubaki kiongozi?" Halafu nyamaza, hesabu hadi tano moyoni. Ukijijibu mwenyewe haraka, kundi linaelewa kuwa maswali yako ni mapambo. Wakishabishana, waeleze kuwa Azimio la Zanzibar la 1991 lililegeza masharti hayo. Mjadala unarudi upya, na wewe usichukue upande.

AICC ni habari nyingine. Majengo yale yalikusudiwa kuwa makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, iliyovunjika 1977. Baadaye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ikafanyia kazi humo hadi ilipofungwa 2015. Hukumu ya Akayesu ya 2 Septemba 1998 ndiyo ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari. Hapo hakuna chemsha bongo wala utani. Uliza wageni wanatoka nchi gani wanapojiandikisha, usisubiri mfike getini.

Ngarenaro_A
Shukrani. Na flaikacha, wale vijana wachuuzi wanaofuata watalii mitaani? Wakitokea na vikuku na picha za kuchora, kundi linasambaratika.

Mama Njia
Waandae wageni kabla ya kutoka: "Hapana, asante" mara moja, na asiyenunua asishike bidhaa. Anayeshika anafuatwa mpaka mwisho wa safari. Vijana wenyewe wasalimie vizuri. Ukiwafokea mbele ya wageni, kesho utapita mtaa uleule.

Sokoni pita siku moja kabla, ukubaliane na wauzaji wawili watatu. Mama wa ndizi akionyesha ipi ya mtori na ipi ya kuchoma, watu wanamsikiliza kuliko wewe. Mnunulie kitu, na gharama hiyo iwe ndani ya bei ya matembezi. Picha kwa ruhusa tu. Polisi na jeshi wasipigwe picha kabisa. Mkizidi 12, weka msaidizi wa nyuma.

Sombetini Kwetu
Mnasahau choo na kiti, wakuu. Simu nyingi zinatoka kwa sababu miguu inauma, hadithi haina kosa. Baada ya AICC, kabla ya kushika Makongoro, wape dakika 15 za kahawa mahali penye choo safi ulipokagua mwenyewe. Hapo ndipo wenye haya wanauliza maswali yao, basi kaa nao mezani, usiende kupiga simu nje.