Je, Wayland inafaa sasa kwa kazi za kila siku za duka la steshenari?

Steshenari_Mtwara

Salaam ndugu zangu. Ninasimamia kompyuta tatu katika duka la steshenari hapa Mtwara Mjini, zote zikiwa na Ubuntu 22.04 (mfumo endeshi wa Linux) inayoendeshwa juu ya Xorg, mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha kwenye skrini ambao Wayland ndiyo mrithi wake, na ninataka kuzihamishia kwenye toleo la 24.04 kabla msimu wa korosho haujaanza, kwa kuwa viongozi wa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) wakishaanza kuleta orodha za wakulima hatupati tena nafasi ya kufanya majaribio. Mbili ni Intel tupu, yaani hazina kadi ya michoro ya ziada. Ya tatu ina kadi ya michoro ya Nvidia, GeForce GT 710. Kazi zetu ni LibreOffice, kuchapa, kuskani, skrini ya pili inayomwelekea mteja ili ahakiki maandishi yake kabla hatujachapa, na fundi wetu aliyeko Dar es Salaam ambaye huingia kwa mbali usiku baada ya duka kufungwa. Nimesoma kwamba Ubuntu 25.10 imeondoa kabisa sesheni ya Xorg ya GNOME, yaani mazingira ya eneokazi ya Ubuntu, kwa hiyo naona safari hii haiepukiki. Je, nihamie Wayland sasa, au nisubiri?

Fundi_Lindi

Ndugu yangu, kuchapa na kuskani viondoe kwenye hesabu, kwa maana havihusiani na Xorg wala Wayland. Printa iliyokuwa ikikusumbua itaendelea kukusumbua vilevile. LibreOffice nayo haina tatizo lolote.

Kwa mashine za Intel, jibu langu ni kwamba uhamie bila wasiwasi. Fedora, mfumo mwingine wa Linux, iliifanya Wayland kuwa chaguo la kwanza tangu mwaka 2016, Debian nayo ikafuata mwaka 2019 kwa wanaotumia GNOME, na kasoro nyingi za miaka ile zimekwisha kurekebishwa. Skrini yako ya mteja ndiyo itakayonufaika zaidi, kwa sababu Wayland huweza kuipa kila skrini ukuzaji wake, jambo ambalo chini ya Xorg ni la kuhangaika nalo; ila ukichagua ukuzaji wa asilimia 125 au 150, programu za zamani zinazopitia XWayland (daraja linaloziwezesha programu za Xorg kufanya kazi ndani ya Wayland) zitaonekana na ukungu kidogo. Kuna faida nyingine ambayo wenye maduka hawaizungumzii: chini ya Xorg, programu yoyote iliyofunguliwa inaweza kusoma kila herufi inayobonyezwa kwenye dirisha la programu nyingine. Mahali ambapo wateja huja na flashi zao na kuandika nywila za barua pepe kwenye kompyuta zako, hilo si jambo dogo.

GT 710 ni habari tofauti. Kadi nyingi za jina hilo ni za kizazi cha Kepler, ambacho diraiva yake rasmi imeishia toleo la 470, ilhali GBM, njia ya kushughulikia kumbukumbu ya michoro ambayo mazingira mengi ya Wayland huitegemea, iliingia kwenye diraiva za Nvidia kuanzia toleo la 495, mwaka 2021. Mashine hiyo iache kwenye Xorg, au tumia diraiva huria ya nouveau na ukubali kwamba kasi ya michoro itapungua. Kwa kazi za maandishi sidhani kama utauona upungufu huo.

Mwalimu_Nachingwea

Ninakubaliana na mengi aliyoyasema Fundi, lakini neno "bila wasiwasi" siliungi mkono. Katika GNOME ya Wayland, ganda la eneokazi (programu inayoendesha menyu na madirisha) likianguka, sesheni nzima huanguka pamoja na kila kilichokuwa wazi, wakati chini ya Xorg mara nyingi ganda hujiwasha upya na madirisha yakabaki. Haitokei mara kwa mara, ila katika duka linalochapa mkataba wa mtu, mara moja tu inatosha kukugombanisha na mteja. Punguza muda wa LibreOffice wa kujihifadhia yenyewe hadi dakika mbili. Hatua hiyo itakusaidia hata umeme ukikatika, na huku kwetu umeme ndio mkosaji mkubwa kuliko Wayland.

Aidha, mwulize fundi wako anaingia kwa kutumia programu gani. Nyingi za kuingilia kwa mbali zilijengwa juu ya Xorg, na chini ya Wayland humtaka mtu aliyeketi mbele ya kompyuta akubali kwanza. Saa tano za usiku nani atabonyeza?

Steshenari_Mtwara

Hapo ndipo ulipogusa penyewe, Mwalimu. Programu yetu huomba ruhusa. Nimeijaribu leo kwenye mashine moja ya Intel na ikagoma kuendelea mpaka nilipobonyeza mwenyewe.

Fundi_Lindi

Nakubali, hilo nililipita. Njia ipo: Ubuntu 24.04 ina GNOME 46, na kuanzia toleo hilo unaweza kuwasha huduma ya kuingia kwa mbali kupitia RDP, ambapo fundi hufungua sesheni yake mwenyewe bila mtu yeyote kuwapo dukani. Utaikuta ndani ya Mipangilio, sehemu ya Mfumo. Usiiache wazi kwenye intaneti. Ipitishe kwenye VPN, yaani njia ya siri ndani ya intaneti. Anza na mashine moja ya Intel, mwache fundi aingie usiku mmoja, na akifanikiwa ndipo uhamishe ya pili. Ukitaka kuhakiki mashine ipo wapi, andika `echo $XDG_SESSION_TYPE` kwenye terminali, nayo itakujibu x11 au wayland. Na ukihitaji kurudi Xorg, toka kwenye akaunti, bofya jina lako, kisha chagua kupitia alama ya gia iliyo chini kulia kabla hujaandika nywila.