Naomba ushauri: Gion Matsuri peke yangu, nilale Osaka?

Habari zenu wapendwa. Nawaomba mliowahi kufika Japani, hasa akina dada, mnisaidie.

Julai naenda peke yangu, safari niliyoidunduliza miaka mitatu. Kiu yangu ni Gion Matsuri, tamasha la mji wa Kyoto: jioni za tarehe 15 na 16, barabara zikifungwa magari, taa za karatasi zikining'inia kwenye yale magari marefu ya mbao, halafu maandamano yenyewe ya magari hayo tarehe 17. Picha zake nimezitazama mpaka nimezikariri.

Vyumba vya uwezo wangu Kyoto vimeisha. Nimeandikia nyumba mbili za wageni, kimya. Nimepata kitanda Osaka, bweni la wanawake watupu, kama nusu saa kwa treni. Ninachohofia ni kurudi usiku katikati ya umati, na Kijapani sijui zaidi ya salamu.

Kuna maandamano ya pili tarehe 24, madogo na yenye utulivu, ila jioni zake hazina vibanda vya vyakula.

Aliyewahi kurudi Osaka usiku wa tarehe 16, hali ya stesheni ilikuwaje kwa mwanamke aliye peke yake? Na je, nisogeze safari hadi tarehe 24? Tiketi naweza kuibadilisha mpaka Ijumaa.