LED 3 za wati 1: volti zimetulia, mkondo unapanda

solda60: Wakuu, LED 3 nyeupe za wati 1 zimeungwa mfululizo kwenye moduli ya LM2596 (ya kushusha volti) inayolishwa na betri ya sola ya 12 V. Volti za kutoka ni 9.6. Zikiwa baridi mita inasoma 340 mA. Baada ya dakika 20 inasoma 470, na volti ziko palepale. Mbovu ni moduli au LED?

mzungukoRC: Vyote vizima. LED ikipata joto, volti inazohitaji kupitisha mkondo uleule hushuka, takriban 2 hadi 4 mV kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi. Chukua 3 mV, mara LED 3, mara nyuzi 40: 0.36 V. Wewe umeng'ang'ania 9.6, basi ziada hiyo inasukuma mkondo, mkondo unaleta joto, joto linashusha volti tena. Shikilia mkondo, 350 mA. Volti zijitafutie zenyewe.

omu_tatu: Weka LM317 tu, ile IC ya kudhibiti volti yenye miguu mitatu. Rezista ya 3.6 omu, wati 1, kati ya mguu wa OUT (kutoka) na wa ADJ (kurekebisha), LED zitoke ADJ. 1.25 ÷ 3.6 = 347 mA.

mzungukoRC: Hesabu sawa, ila kwa LED 3 haitoshi kaka. Rezista inakula 1.25 V, IC inataka kama 2 V, ongeza 9.6 za LED: karibu 12.9 V. Betri ikishuka usiku, taa zinafifia. Kwa LED 2 inafaa, lakini ifunge kwenye bati la alumini, maana betri ikichajiwa kwa 14.4 V IC inatoa joto la zaidi ya wati 2.

solda60: Na zile moduli zenye skrubu mbili, ya volti na ya mkondo?

koili68: Hizo ndizo. Bila mzigo, weka volti 10.5. Rudisha skrubu ya mkondo hadi mwisho, unga mita iliyo kwenye 10 A moja kwa moja kati ya ncha mbili za kutoka, kisha panda taratibu mpaka 0.35 A. Zima, ndipo uunge LED. Ukiziunga moduli ikiwaka, kapasita ya moduli iliyojaa chaji inazipiga mkondo mkubwa kabla udhibiti haujashika. Na usizipange sambamba: yenye volti ndogo itabeba mkondo mwingi kuliko wenzake.

omu_tatu: Mbona taa za utepe zinalishwa 12 V tu na hazifi?

koili68: Kila kipande cha LED 3 kina rezista yake. Hizo zipe volti thabiti, ila 12 kweli, kwa 14.4 mkondo unakaribia mara mbili.